Mabuti Mapya Yalitaka Kuniachanisha na Mume Wangu

*Mnapanga kupanda Kilimanjaro kwa fungate au kusherehekea miaka ya ndoa? Kabla hamjalipa hela ya watu, angalieni kwanza miguuni.*

Umewahi kukaa siti moja na mume wako kutoka Moshi mpaka Chalinze bila kusemeshana hata neno? Mimi nimewahi, mwaka 2019. Hakukuwa na nyumba ndogo, hakukuwa na meseji ya ajabu kwenye simu, wala mama mkwe hakuhusika. Kisa kilikuwa mabuti.

Tulikuwa tunatimiza miaka mitano ya ndoa. Wenzetu huenda Zanzibar, wengine hukata keki na kuishia hapo. Sisi tukasema tupande mlima. Mume wangu ni Mchaga wa Marangu ambaye tangu azaliwe anauona Kilimanjaro akiwa uani kwao, na alikuwa hajawahi kuupanda hata hatua moja (wako wengi wa namna hiyo, waulizeni). Mimi kwetu ni Mahurunga, Mtwara Vijijini, kule ambako Mto Ruvuma unakaribia kuingia baharini. Kwetu ardhi ni mchanga, na ukishuka bondeni ni tope la mpunga. Mguu unakua wazi: ndala, yeboyebo, au peku kabisa. Ndiyo maana vidole vyangu vimejitandaza kama vya bata, na miaka yote ya chuo na ofisi na michuchumio haikuvirudisha.

Wiki moja kabla ya safari nikaenda Kariakoo kununua mabuti. Mapya, ndani ya boksi, rangi ya kahawia ya kupendeza, namba 39 kama viatu vyangu vya ofisini. Nikayajaribu saa nne asubuhi, nimekaa kwenye stuli, na zile soksi nyembamba za kuvalia skuna. Yalinibana kidogo kwa pembeni. Muuzaji akaniambia, “Yataachia tu, dada yangu.” Nikaamini. Nikayarudisha kwenye boksi, na sikuyavaa tena mpaka siku tuliyofika geti la Marangu.

Wanaojua mambo ya mlima wameshahesabu: hapo kuna makosa matano.

“Uko poa?” “Niko poa”

Siku ya kwanza mpaka Mandara haikuwa mbaya. Ni msitu, njia nzuri, nikapiga picha nyingi. Siku ya pili, saa kama mbili hivi baada ya kuanza kutembea, nikasikia moto kisiginoni. Si maumivu, ni moto tu, kama mtu amekupaka pilipili. Mume wangu akageuka akaniuliza, “Uko poa?” Nikajibu niko poa. Sikutaka kuonekana yule mke wa mjini anayesimamisha msafara kila dakika. Dada zangu mnanielewa.

Tukafika Horombo, mita 3,720. Nikavua soksi. Kila kisigino kilikuwa na lengelenge kubwa kuliko sarafu ya shilingi mia mbili, na la kushoto lilikuwa limeshapasuka, soksi imenata.

“Sasa si ungesema?” akasema.

“Na wewe si ungeuliza vizuri?”

Hapo ndipo tulipoanzia. Asubuhi mwongozaji akaniangalia miguu akatikisa kichwa. Nikamwambia mume wangu, “Wewe nenda.” Nililitamka kwa ile sauti ambayo mwanaume mwenye akili husikia ‘usiende’. Yeye akaenda. Nikabaki Horombo na mwongozaji msaidizi, nimevaa ndala juu ya soksi, nikitazama watu wanapita.

Ukikaa kambini siku nzima unaona mengi. Niliona wapagazi wanaopita na mizigo kichwani, wengine mabuti yao yamefungwa kwa kamba ya katani ili soli isianguke. Mimi nalia na mabuti mapya, mwenzangu ana kilo 20 na soli inayocheka. Pale Moshi kuna shirika linaloitwa KPAP, lililoanza mwaka 2003, ambalo huwaazima wapagazi mavazi na mabuti ya mlimani bila malipo. Kama una mabuti mazuri ambayo hutayavaa tena, hao wanajua pa kuyapeleka.

Mume wangu alifika Gilman's Point, akashikwa na kichwa, akageuka. Kesho yake tukateremka pamoja mpaka getini, kama kilomita 20, na hapo ndipo nilipojua kwamba kupanda kulikuwa nafuu. Kwenye mteremko mguu unateleza mbele ndani ya buti, na kwa kuwa langu lilikuwa namba kamili, kila hatua vidole viligonga ukuta. Nilifika Dar es Salaam na kucha mbili nyeusi. Baadaye zilitoka zenyewe.

Pale Chalinze alininunulia maji na korosho, akanipa bila kusema kitu. Korosho zenyewe za kwetu Kusini, bei mara mbili. Nikacheka, basi yakaisha. Mabuti yenyewe lakini niliyatupa uvunguni, na nilikaa zaidi ya mwaka sijayagusa.

Kuna kinacholegea na kisicholegea

Nilipotulia nikaanza kuuliza watu: waongozaji, fundi viatu wangu wa Mwananyamala, na jamaa mmoja wa ulinzi Mtwara ambaye anavaa buti la usalama saa kumi na mbili kwa siku kwenye joto lile. Wote walinirudisha dukani kwanza, kabla hata ya kuzungumzia kuzoeza.

Urefu wa buti haubadiliki. Ukilinunua fupi litabaki fupi mpaka lichakae. Upana wa sehemu ya ngozi unaongezeka kidogo, ngozi inapopata joto na jasho la mguu na kuanza kukunjika pale mguu unapokunjika. Kitambaa cha nailoni hakitanuki kiasi hicho, kinalainika tu. Kwa hiyo muuzaji akisema “yataachia”, muulize ni sehemu gani itakayoachia. Kama kinachobana ni kidole gumba mbele, rudisha buti kwenye rafu.

Nenda dukani jioni, kwa sababu mguu huvimba kutwa nzima, na mlimani utavimba zaidi. Nenda na soksi zile zile utakazopandia. Vaa yote mawili, maana mguu mmoja huwa mkubwa kuliko mwenzake, na unamnunulia ule mkubwa. Kabla hujafunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse: nyuma ya kisigino paingie kidole chako kimoja cha mkono. Halafu funga kamba, simama kwenye ngazi ukiangalia chini, na kanyaga kwa nguvu kama unayeteremka. Vidole visigonge. Panda sasa: kisigino kisiinuke-inuke ndani, maana kisigino kinachopanda na kushuka ndicho kinachotengeneza lengelenge. Kwa sisi wenye mguu mpana, usikimbilie namba kubwa ili upate upana. Utapata nafasi mbele na kisigino kitaelea. Tafuta toleo pana, au la wanaume. Mimi niliishia kwenye buti la wanaume namba 40, la mtumba, shilingi elfu sitini, na halina urembo wowote.

Mkumbuke Abebe Bikila wa Ethiopia. Mwaka 1960 kule Roma, viatu vilivyobaki vya kumpa havikumkaa vizuri, akaamua kukimbia marathoni peku, na akachukua dhahabu. Mwaka 1964 Tokyo akashinda tena, safari hii amevaa viatu. Alikuwa na busara ya kuvikataa mapema. Mimi mlimani peku nisingeweza, lakini kuvikataa dukani ningeweza.

Mazoezi ya jioni, wawili wawili

Kuzoeza buti ni kazi ya wiki tatu mpaka sita, na hapa ndipo mimi na mume wangu tulipopatana kweli, ingawa hatukupanga iwe hivyo.

Wiki ya kwanza ni ndani ya nyumba tu. Saa moja kila jioni, na soksi, kamba zimefungwa kama za safari. Nilipika nimevaa, nikapiga pasi nimevaa. Sababu ya kuanzia ndani ni ya kibiashara: buti ambalo halijagusa udongo unaweza kulibadilisha kama umeelewana na muuzaji. Wiki ya pili tukatoka: sokoni, kanisani hapana, lakini kituo cha daladala ndiyo. Watu walitazama. Wiki ya tatu tukaongeza saa mbili, halafu begi mgongoni lenye chupa za maji, kwa sababu uzito hubadilisha jinsi mguu unavyokaa. Tulitembea wawili, simu tumeacha nyumbani, na nikagundua kuna mambo ya kazini kwake sikuwahi kuyasikia.

Sheria yetu ilikuwa moja: anayesikia moto mguuni anasema papo hapo, na wote tunasimama. Hakuna kusema “niko poa”. Unavua, unakausha mguu, unabandika plasta pana au utepe wa hospitali pale panapowaka, kabla halijawa lengelenge. Dakika tano. Lengelenge likishatoka huna tena unachozuia, unauguza tu.

Pwani ina shida yake. Joto letu linaloanisha mguu, na ngozi iliyoloa huchubuka upesi. Soksi za pamba hunyonya jasho na kubaki nalo. Soksi za sufu, au zilizochanganywa na nailoni, hupitisha unyevu vizuri zaidi, na ndizo zitakazokutia joto kule juu. Watu wengi huvaa soksi mbili: nyembamba laini ndani, nene nje, ili zisuguane zenyewe badala ya kusugua ngozi yako. Jaribu yote dukani, kwa sababu soksi mbili hula nafasi.

Jambo jingine ni vilima. Dar es Salaam na Mtwara ni tambarare, na buti linalofaa kwenye tambarare linaweza kukusaliti kwenye mteremko. Tulipokwenda kusalimia nyumbani mwaka 2021 tulianza na kilima cha nyuma ya Boma la Mikindani. Kisha tukaenda Newala, pale Shimo la Mungu, ambako uwanda wa Makonde unakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana lote chini. Kushuka na kupanda pale kulinionyesha kwamba kamba hazifungwi namna moja kutwa nzima. Unapopanda, legeza kidogo sehemu ya juu ili kifundo kikunjike. Kabla ya kuteremka, simama, gongesha kisigino chini mara mbili kikae nyuma, kisha kaza pale mguu unapokunjikia, ukizungusha kamba mara mbili kabla ya kuendelea juu. Ule mzunguko wa pili huzuia kamba isiteleze. Vidole vyangu havikugonga tena.

Mahurunga kwenyewe nilipita na mabuti hayo hayo, na bibi yangu aliponiona akaweka mkono kiunoni. “Mjukuu wangu, umechukuliwa jeshini?” Nikamwambia nayazoeza. Akamtazama mume wangu: “Na wewe shemeji umeachia tu?” Kwa bibi kila mkwe ni shemeji.

Shimo la Mungu na soli ya mume wangu

Pale pale Newala ndipo lilipotokea la kutokea. Mume wangu hakuona sababu ya kununua mengine. Yake ya 2019 yalikuwa mazuri, yalimfikisha Gilman's Point, akayaweka kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga vizuri, juu ya kabati. Tukiwa tunapanda kurudi, nasikia “Mama!” Nageuka: soli yote ya mguu wa kulia imebaki njiani, na yeye amesimama na kipande cha ngozi. Dakika kumi baadaye na ya kushoto ikafuata.

Fundi wa Mwananyamala alipoona hakushangaa. Soli nyingi za mabuti zina tabaka la katikati la povu gumu linaloitwa poliyurethani. Unyevu wa hewa hulila polepole, na joto huongeza kasi. Kwa nje linaonekana zima, ndani linakuwa kama biskuti. Buti lililofungiwa kwenye plastiki miaka miwili pwani linaweza kuwa na hali mbaya kuliko linalovaliwa kila wiki. Hebu fikiria angekuwa usiku, juu ya Kibo, kwenye zile changarawe.

Kwa hiyo ukinunua mtumba, usidanganywe na ngozi inayong'aa. Likunje buti kwa mikono yote miwili uone kama soli inapasuka. Bonyeza lile tabaka la katikati kwa kucha: likibonyea na kurudi, sawa, likimomonyoka au likinata, liache hapo hapo. Ukishalinunua, mpe fundi ashone soli pembeni kwa uzi wa nailoni, kama aina yake inaruhusu sindano kupita. Kwa buti la mtumba hiyo ni hela ndogo sana ukilinganisha na gharama ya safari.

Na jamani, yale mafundisho ya mtaani tuyaache. Niliambiwa niyaloweke kwenye maji ya moto nitembee mpaka yakauke. Niliambiwa niyaweke karibu na jiko la mkaa. Joto kali hukausha ngozi ikapasuka na hulegeza gundi, na bati la paa saa saba mchana Mtwara halina tofauti na jiko. Buti likiloa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha magazeti yakishalowa, liache kivulini penye upepo. Tope na mchanga viondolewe kwa brashi na maji baridi, hasa ukitembea ufukweni, maana chumvi hukausha ngozi. Ngozi ikishakauka ipake nta au mafuta ya viatu kidogo tu. Ukimwagia inakuwa laini mno na kifundo kinakosa mhimili. Lihifadhi wazi, si kwenye plastiki, na livae japo mara moja kwa wiki kadhaa.

Kwa wale wa Dubai na Ulaya

Shoga yangu anafanya kazi Dubai, na mchumba wake alimpeleka Ski Dubai, ule ukumbi wa theluji uliofunguliwa mwaka 2005 ndani ya Mall of the Emirates. Akataka kujaribu ubao wa theluji, akaomba mabuti ya kukodi makubwa “ili apumue”, na soksi jozi tatu. Alirudi na vifundo vimevimba.

Mabuti ya ubao wa theluji yana kanuni karibu kinyume na yangu. Hayo hutakiwi kuwa na nafasi mbele: ukisimama wima vidole viguse kidogo, ukikunja magoti virudi nyuma. Ndani kuna buti jingine laini, kama soksi nene, linalojifinyanga kwa joto la mguu wako. Baada ya siku kadhaa hubonyea na buti zima huonekana limeongezeka, kwa hiyo lililokuwa huru dukani litakuwa boti. Kuna maduka yenye mashine ya kulipasha moto lile la ndani na kulifinyanga mguuni siku ile ile. Soksi ni jozi moja tu. Unakaza la ndani kwanza, kisigino kikishakaa, ndipo la nje. Jioni unalitoa la ndani likauke lenyewe, si juu ya hita. Kuhusu kisigino, shoga yangu na mimi tunakubaliana: popote ulipo, kisiinuke.

Mwaka 2022

Tulirudi Marangu, safari hii siku sita ili tupumzike siku moja Horombo tuzoee hewa. Mume wangu alikuwa na mabuti mengine, ameyatembeza miezi miwili. Nilikata kucha wiki moja kabla, kwa kunyoosha, si kuzungusha. Siku ya pili nilisema “moto” mara moja, tukasimama, tukabandika utepe, msafara mzima ukatusubiri na hakuna aliyekufa. Yeye alisema mara tatu.

Tulifika Uhuru Peak, mita 5,895, saa moja na nusu asubuhi. Nililia, na pua ilikuwa imeganda, kwa hiyo picha hazifai kuwekwa ukutani. Kucha zote kumi zipo mpaka leo.

Sasa mdogo wangu wa kiume naye anataka kupanda na mchumba wake. Alinipigia kuniambia ameshanunua mabuti, makali, yako kwenye boksi, hayaguswi mpaka siku yenyewe. Nilimkatia simu, nikampigia mchumba wake. Juzi akanitumia picha: mdogo wangu yuko Mahurunga, kwenye tuta la mpunga, mabuti yamejaa tope mpaka kifundoni, na nyuma yake bibi kashika kiuno anacheka.